Watu Wanne wa Maharage

Juzi mtoto wa jirani yangu aligonga mlango kuomba gundi. Shuleni wameambiwa wabandike nafaka kwenye boksi mpaka itokee ramani ya nchi, mama yake hana gundi, na duka lilikuwa limefungwa. Nikamwambia aingie. Nikakoroga unga wa muhogo kwenye sufuria ndogo, nikaupika mpaka ukawa uji mzito unaovutika kama kamasi. Mtoto akafurahi. Mimi, harufu ile ya uchachu wa muhogo ilipopanda puani, nikashikwa na hasira ambayo sikujua kama bado ninayo. Wenzangu mliosoma shule ya msingi miaka ile yetu mtalikumbuka somo la stadi za kazi, mafagio ya chelewa na vikapu visivyoisha. Kwa wengi lilikuwa somo la kupumzisha kichwa. Mimi lilinitoa jasho, na kwa kweli halikuniacha salama.

Sisi tulikuwa watu wa Kibondo, kama inaruhusiwa kuwaita hivyo watumishi waliopangiwa kazi huko kutoka mbali wakazoea. Mama, mzaliwa wa Singida, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba alikuwa bwana shamba, kwao Mara. Mimi nilijifunza Kiha kwenye michezo, nikawa nawatafsiria wote wawili sokoni. Kisha Kakonko ikawa wilaya, ofisi zikahitaji watu, na baba akahamishiwa huko. Karibu wakati huohuo mama akapata nafasi ya kusoma diploma katika chuo cha ualimu Kasulu. Kwa hiyo baba akaenda kaskazini na godoro moja, na sisi tukaenda kusini na vyombo vyote vilivyobaki: mama, mimi, na mdogo wangu Kelvini ambaye hata kukaa alikuwa hajajua vizuri. Niliambiwa ni kwa muda tu. Watu wazima wanalipenda sana neno hilo.

Kasulu tulipanga chumba kwa Mama Domina, mjane mwenye asili ya Burundi aliyepata uraia, mama wa kanisani na mfanyabiashara wa maharage. Asubuhi mama alimwachia Kelvini, mimi nikaenda shule ya mazoezi iliyopakana na chuo. Mchana nilikuja kumchukua mtoto, nikambeba mgongoni mpaka chuoni ili anyonye. Mama akichelewa kutoka darasani, na alichelewa kila siku, sisi wawili tulizurura. Hivyo ndivyo nilivyoziona picha.

Chuo kizima kilikuwa kimechorwa. Kwenye ukuta wa ukumbi kulikuwa na ramani ya Tanzania isiyo na mikoa mipya, mtu fulani akawa ameigawa upya kwa chaki. Mbele ya ofisi alisimama mwalimu wa saruji mwenye kitabu mkononi na pua iliyovunjika. Kwenye darasa la sayansi kulikuwa na mtu aliyepasuliwa kifua na tumbo, utumbo wote nje, mishale ikimchoma kila upande. Niliamini kabisa kwamba ni mwanachuo aliyefeli mtihani na hiyo ndiyo adhabu yake. Nilimwombea mama kila nilipopita pale.

Lakini kwenye korido ya chumba cha sanaa ndiko nilikosimama mpaka Kelvini akaanza kulia. Huko palikuwa na picha za nafaka. Twiga mzima wa maharage mekundu, mistari yake ya ulezi. Mwanamke mwenye nywele za buni za kahawa na meno ya mchele. Mlima wa choroko. Vyote vilikuwa vinang'aa, na chini ya kila picha limeandikwa jina la aliyeitengeneza. Mimi ni yule mtoto ambaye mezani nilikuwa naufinyanga ugali ng'ombe na kuku, na mama ananipiga kofi la mkono: "Chakula hakichezewi, Getu." Sasa hapa watu wazima, walimu watarajiwa, walikuwa wanachezea chakula na wanapewa alama. Nilijiona nimedhulumiwa miaka yote.

Mkufunzi wa sanaa alikuwa mzee mfupi mwenye koti jeupe lililojaa madoa. Wanachuo walimwita Vanishi, kwa kuwa hakuna kitu alichokiamini kama vanishi ya kung'arishia mbao. Alinikuta nimebandika pua kwenye twiga.

"Unataka kumla?" akaniuliza.

"Hapana, shikamoo. Nataka kutengeneza."

"Marahaba. Tengeneza basi. Mwisho wa muhula tunafanya maonyesho, na watoto wa shule ya mazoezi mnakaribishwa. Kazi moja ya mtoto tutaitundika hapa pamoja na za wakubwa."

Jumapili hiyo baba alipopiga simu nilimnyang'anya mama. Nikamweleza baba habari za korido, twiga, maonyesho, yote kwa pumzi moja. Nikamwuliza kama ataweza kuja, maana tangu tuhamie Kasulu alikuwa hajafika. Barabara ilikuwa mbovu, kazi nyingi, gari la ofisi bovu. Akacheka.

"Mama mkubwa," alizoea kuniita hivyo, "siku picha yako ikitundikwa, nakuja kuiona kwa macho yangu."

Basi. Nikampata baba yangu pale. Kazi ilikuwa ni kutundikwa tu, na mtoto wa miaka kumi akiambiwa kitu kama hicho hakisikii kama maneno ya kwenye simu. Anakisikia kama mkataba. Mama alipokea simu yake, akaifuta kwenye khanga kama ina vumbi, akarudi kumenya ndizi.

Niliamua kutengeneza sisi wanne tumezunguka sinia tunakula. Mama Domina akanipa maharage yaliyovunjika, yale ya kupepeta. Nikapika gundi ya muhogo, nikabandika kwenye kifuniko cha boksi, nikaianika juani uani. Nilipotoka kumbadilisha Kelvini nepi nikakuta kuku wa Mama Domina wamemla baba mpaka kiunoni. Jogoo alikuwa amesimama juu ya sinia langu anadonoa kwa raha zake. Nilimtupia kandambili, nikamkosa, nikaupata mtungi. Mama Domina hakukasirikia mtungi. Alinitazama, kisha akatazama boksi.

"Wewe mwana wanje," akaniita mwanangu kwa lugha yao, "unaweka chakula chini, na kuku yupo. Kuku anajua hiyo ni picha?"

Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Hasira yangu yote niliwapa kuku, ikabaki, nikampa Kelvini kwa sababu alinikawiza, ikabaki tena.

Mara ya pili nilijipanga. Nilikuwa nimeona kwamba maharage ya kupepeta ni mabaya: madogo, yamekunjamana, watu wake wanatoka na ndui. Nikamsumbua Mama Domina mpaka akachoka. Chini ya kitanda chake alikuwa na chungu cha mbegu, maharage aliyoyachagua moja moja baada ya mavuno, yenye umbo moja, makubwa, yamechanganywa na majivu ili wadudu wasiyaguse. Kule kwetu mwanamke hatoi mbegu zake kirahisi. Atakupa za kula kabla ya hizo. Akanihesabia kiganjani kwa shingo upande. Niliyafuta majivu kwa gauni, yakang'aa mekundu mpaka nikaona kichwa changu ndani. Safari hii sikuyapeleka juani. Niliiweka picha chini ya kitanda chetu, mbali na kuku, mbali na kila mtu.

Ilikuwa masika. Ukuta wa tofali mbichi ulikuwa unatoa jasho, nguo hazikauki, na ule uji wa muhogo haukukauka pia. Nilipoivuta picha nimwonyeshe Vanishi, nikakuta baba yangu ameota. Sikuelewa ninachokiona mwanzoni. Usoni kwake kulikuwa na vishina vyeupe vimejikunja, maganda yamepasuka, jani dogo la kijani linachungulia mahali pa jicho. Mama naye ameota mabegani. Sinia lilikuwa kama bustani. Maharage ya mbegu, yaliyochaguliwa kwa sababu yanaota kuliko yote, nimeyalaza kwenye uji na giza wiki nzima, halafu nikashangaa. Mtoto yeyote wa mkulima angenicheka. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa bwana shamba, na nilichofanya ni kuichukua ile picha na kuipigiza ukutani mpaka Mama Domina akaja mbio akidhani nyumba inabomoka.

Mama alirudi jioni akanikuta nimeinama. Akaokota kipande cha boksi, akakitazama kwa muda. Kilikuwa na vichwa vyote vinne bado.

"Ungeweka watatu tu," akasema. "Maharage yangetosha."

Nilimchukia kwa sentensi hiyo. Nilidhani ni ubahili wa mwisho wa mwezi, ule ule wa kupunguza mafuta kwenye mboga. Nikamwambia kwamba tupo wanne, ahesabu mwenyewe. Hakunipiga, jambo lililonishangaza. Aliweka kipande juu ya meza, akachukua ndoo akaenda bombani ingawa ndoo zetu zote zilikuwa zimejaa. Mimi nikabaki nanung'unika kwamba mama hajui sanaa. Kule Kakonko baba alikuwa na nyumba nyingine, na mwanamke wa nyumba hiyo alikuwa mjamzito. Mama alijua. Mama Domina alijua. Nafikiri hata wale wanachuo waliokuwa wanambeba Kelvini korido walijua. Mimi ndiye pekee niliyekuwa nahesabu maharage.

Vanishi alicheka mpaka akakaa chini nilipomsimulia habari ya kuota. Sikuona cha kuchekesha. Akasema siri ni kuyakaanga kidogo kwenye kikaango kikavu, yafe, kisha kubandika kwenye silingibodi, ule ubao mwembamba wa dari, siyo boksi, kwa gundi nzito iliyopoa, na kukausha juu ya jiko. Mwisho vanishi, na vanishi angeipaka yeye. "Ikishapakwa, hakuna kuku, hakuna mdudu, hakuna mvua. Inabaki ilivyo."

Kwa hiyo nikarudi kwa Mama Domina kwa mara ya tatu. Hapo tulifarakana kidogo, kwani alikubali kunipa, kisha akaona kikaango.

"Unafanya nini hapo?"

"Nayakaanga kidogo. Yasiote."

"Mbegu inakaangwa?" Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nimekuja na mbegu hii kutoka kwa mama yangu kule, nikaificha kwenye nguo, nikapanda kambini, nikapanda hapa. Wewe unaiua kwa ajili ya picha?"

Nilimwambia ukweli kama nilivyoujua: baba atakuja ikitundikwa. Nikaona uso wake unabadilika na mimi, kwa upumbavu wangu, nikafikiri amependezwa. Akainama, akaniondolea kikaango mkononi, akakaanga mwenyewe, taratibu, akiyageuza kwa kijiko cha mti ili yasiungue upande.

"Haya. Mtengeneze vizuri huyo baba," akasema.

Nikamtengeneza. Wiki nzima nilikuwa kwenye ile silingibodi, vidole vimekaukiwa na uji, nikipigwa shuleni kwa kusinzia. Mama nilimpa kitenge cha choroko na mahindi. Kelvini alikuwa mtama, duara tu. Mimi nilikuwa mdogo pembeni. Baba alichukua nafasi kubwa kuliko wote: uso wa maharage ya mbegu, nywele za buni, na masharubu ya ulezi niliyoyapanga punje kwa punje kwa kijiti cha kiberiti. Yale masharubu yalinitesa. Yalikaa upande, nikayabandua, yakakaa juu mno, nikayabandua tena. Mama alipita mara nyingi na taa, akasimama nyuma yangu, akaondoka bila kusema kitu. Ningependa angesema chochote.

Siku ya maonyesho watu walijaa, wakala mihogo ya kukaanga, wakasikiliza hotuba ndefu, na mwishoni Vanishi akaitaja kazi yangu. Ikapakwa vanishi, ikatundikwa kati ya twiga na yule mwanamke wa meno ya mchele, jina langu chini yake kwa kalamu nzito. Mama alinikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na mtoto. Nikaomba simu palepale. Baba akasema hongera sana, mama mkubwa, nitakuja.

Hakuja Jumamosi hiyo. Wala iliyofuata. Kila mchana nilifika korido na Kelvini mgongoni, nikasimama pale kama mlinzi, nikiangalia geti. Nikajifunza kila gari la serikali linalopita. Nilimkasirikia kila dereva. Mama akitoka darasani ananiambia twende, tusichelewe kupika, na mimi nilitembea mita kumi nyuma yake kwa makusudi ili ajue kwamba nimekasirika, ingawa sijui kama alihitaji kuambiwa.

Kisha siku moja, bila kupiga simu, alikuja. Yeye na wenzake wa ofisi walikuwa wanapita kwenda Kigoma mjini kwenye kikao. Nilisikia mtu ananiita geti la chuo, nikageuka, ni yeye, amenenepa, ana shati jipya ambalo sikulijua. Alinibeba juu ingawa nilikuwa mkubwa. Alileta biskuti na juisi ya boksi. Alimshika Kelvini, Kelvini akalia, akamrudisha kwa mama. Wakasalimiana na mama kama watumishi wa ofisi mbili.

"Hamjambo, Mwalimu?"

"Hatujambo. Habari za Kakonko?"

"Tunapambana."

Nilimvuta mkono kabla hajasema kingine. Nilitaka aione mwenyewe, sikutaka kumwonyesha kwa kidole. Ningeona uso wake pindi anapojikuta ukutani. Tulifika korido. Akaweka mikono mfukoni, akatazama ukuta wote, akasimama mbele ya twiga.

"Ebwana," akasema. "Huyu twiga umemtendea haki. Hii shingo! Nani alikufundisha?"

Niliona ni aibu yake, na nikataka kumfichia. Nje dereva akapiga honi. Mama, aliyekuwa amebaki nyuma yetu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya darasani:

"Twiga si wake. Yake ni ile ya pembeni."

Baba akasogea hatua moja. Akaitazama. Nilikuwa namwangalia yeye, wala si picha, kwa hiyo niliona kila kitu: macho yalianza kwa Kelvini, yakaja kwangu, yakaenda kwa mama, yakafika kwa yule mwanamume mkubwa wa maharage, yakatoka. Mkono wake ukapanda ukagusa masharubu yake mwenyewe, ukashuka.

"Aa," akasema. "Nzuri pia."

Honi tena. Akasema tutaongea, akanipa noti mkononi, akaondoka kwa ile hatua ya mtu aliyekumbuka jambo. Gari lilipinda kona ya barabara ya Kigoma, likaacha vumbi.

Hukumu yangu ilikuwa ya haraka. Nilikuwa nimemkosea uso. Pua kubwa mno, masharubu upande, mtu gani angependa kujiona vile? Ndiyo maana hakujitambua, na ndiyo maana hakukaa. Kesho yake nilimwendea Vanishi, nikamwomba nishushe picha nirekebishe kichwa kimoja tu. Akatikisa kichwa. Akasema nilikuwepo alipoeleza: ikishapakwa, inabaki ilivyo. Akaingia darasani kwake.

Nikavuta kiti. Nikapanda. Nikaanza kubandua kwa kucha, kisha kwa kijiko cha Kelvini. Ile vanishi haikubanduka. Kijiko kilipinda. Nilikuwa nakwaruza na kutukana kwa Kiha, maneno ambayo ningepigwa kwa lugha yoyote, na kidole kikaanza kutoka damu, na uso wa baba ukabaki vilevile unang'aa. Wanachuo walisimama wakaangalia. Mmoja akaenda kumwita mama.

Alikuja, hakunigombeza. Alinishika kiuno akanishusha, akanifunga kidole kwa ncha ya khanga. Nikamwambia kwa kwikwi kwamba nimemharibu baba, kwamba nimemtengeneza vibaya, kwamba baba angenipa siku mbili tu ningempatia sura yake na angekaa.

Mama aliitazama picha. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza aliitazama sawasawa, bila taa, bila haraka ya kupita.

"Umempatia," akasema. "Hayo masharubu, hivyo anavyokaa amejiachia mbele ya chakula. Ni yeye kabisa, Getu. Ndiyo maana alishindwa kuangalia."